Chupa ya Shemeji Hamissi

Jumatatu, 19 Juni 1967

Habari kubwa! Siku ya Uhuru, tarehe mosi Julai, kutakuwa na mashindano ya baiskeli. Kutoka soko la Rumonge mpaka Minago, kugeuka, kurudi. Zawadi ni redio ya betri. Mpya! Nimeiona kwa macho yangu ofisini kwa komini, wakubwa wa mji wetu. Ina kishikio cha ngozi. Mwenye redio ile hahitaji kuitafuta heshima. Heshima itakuja yenyewe kibarazani kwake kusikiliza habari.

Nimejiandikisha wa kwanza. Wa pili akajiandikisha Lukeba. Nilijua tu! Huyu Lukeba alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakati wa vita vyao, na kila siku anashusha madebe ya mawese kutoka Kizuka kwa baiskeli. Miguu yake kama mizizi ya mchikichi. Mimi ni fundi cherehani. Miguu yangu nayo inakanyaga kutwa nzima, ila cherehani haiendi popote.

Nilimwambia kwa upole kwamba mashindano ya Uhuru si ya wachukuzi. Akajibu, "Fundi, barabara haiulizake mutu kazi yake." Watu wakacheka. Mke wangu Chausiku alikuwapo. Naye akacheka. Naliandika hili nisije nikalisahau.

Jumanne, 20 Juni

Roger amefika na lori lake kupakia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Roger huendesha mpaka Bujumbura na kurudi bila kupepesa jicho. Nilimpunguzia suruali, naye akanifunulia siri: kidonge. Kidogo, cheupe, hakina hata sura. Anasema madereva wote wanameza. Anasema hata Ulaya wakimbizaji baiskeli wanameza.

Nikamuuliza kama waganga hawakijui. Akacheka. Kile cha zamani wanakijua, akasema, lakini hiki ni mdogo wake. Kiwandani wamekibadilisha kidogo ili kisitambulike. Ni kidonge kile kile, kimebadili shati tu.

Akanipa kadhaa ndani ya karatasi. Huyu ndiye rafiki!

Jumatano, 21 Juni

Nilimeza asubuhi baada ya chai. Ajabu! Nilishona kama moto wa nyikani. Nilimweleza mteja mmoja maisha yangu yote tangu kutahiriwa. Aliacha kitambaa chake akaondoka. Mchana nikagundua kwamba suruali ya katekista ina miguu mitatu.

Jioni nikapanda baiskeli kuelekea Kizuka. Niliimba. Niliwapita watu wote. Nililipita hata lori (lilikuwa limesimama). Kwenye mteremko nikaona kwamba breki ni kitu cha waoga, nikaingia moja kwa moja kwenye shimo ambamo akina mama walikuwa wameloweka muhogo. Waliyoniambia sitayaandika.

Sasa moyo unapiga kama ngoma ya harusi. Chausiku ameuliza kwa nini nasaga meno. Nimemwambia ni mazoezi.

Alhamisi, 22 Juni

Balaa!

Washindani wote tuliitwa zahanati. Kuna daktari mpya, Hyacinthe, kijana wa Burundi hii hii, amerudi kutoka masomoni Ulaya na miwani na sanduku la chupa za dawa. Akasema huko alikosoma kuna waendesha baiskeli waliomeza vidonge wakaanguka njiani, wakafa na miguu bado inakanyaga. Hataki maiti siku ya Uhuru. Kwa hiyo Jumatatu kila mmoja wetu atakojoa kwenye chupa, naye atatia tone la dawa yake. Kidonge kikiwemo, rangi itageuka ya chungwa, na mwenye mkojo atabaki nyumbani.

Nikauliza, kwa niaba ya wenzangu, je, kama kidonge ni kipya, kimebadili shati tu kiwandani? Akanitazama sana. Akasema kidonge kikibadili shati, yeye hutazama mabega. Kisha akaniuliza jina langu.

Lukeba alicheka kwa sauti. Akasema mkojo wake umejaa mawese tu.

Ijumaa, 23 Juni

Roger anaapa kwamba kidonge hakitoki mwilini mpaka mwezi mwingine uandame. Nilipomuuliza amejuaje, akasema binamu yake alimwambia. Binamu ana kazi gani? Anauza chumvi. Lakini wauza chumvi husikia mengi.

Basi nahitaji mkojo wa mtu mwingine. Nilifikiria mbuzi. Chausiku alinikuta nyuma ya mbuzi na kikombe. Aliuchukua mkono wa binti yetu Esha wakaenda kwa jirani.

Halafu, wakati wa chakula, mwanga! Shemeji Hamissi!

Hamissi ni kaka mkubwa wa Chausiku. Anashona nyavu za wavuvi, na tangu afiwe na mkewe anakaa chumba cha ng'ambo ya ua wetu. Hanywi pombe, havuti, hata kahawa hataki. Hakuna mkojo safi kuliko ule mwambao mzima. Na si mchache! Siku hizi anamaliza mtungi wa maji peke yake, kisha hana muda wa kukaa, anatoka tu, anarudi, anatoka. Amekonda kidogo, nadhani ni ibada. Mungu akitaka kukusaidia, msaada anakuwekea uani kwako.

Jumapili, 25 Juni

Nimemwendea shemeji. Siwezi kumwambia ukweli, angenihubiria. Nimemwambia kwamba mafundi wakubwa hutumia mkojo wa mtu mwema ili rangi ya kitambaa ishike isichuje.

Alifikiri kidogo. Akasema ni jambo la ajabu, lakini kila fundi ana siri za kazi yake. Ombi lake moja tu: kitambaa hicho kisije kikashonwa kanzu ya kusalia. Nikaapa. Akachukua chupa yangu ya mafuta ya nywele, niliyoiosha vizuri, akarudi nayo imejaa. Akauliza kama nahitaji zaidi, kwa kuwa anao tele.

Mtu mwema sana. Nilisikia kitu kama aibu, lakini kikapita.

Jumatatu, 26 Juni

Asubuhi nilikuta sisimizi wameizunguka chupa. Msafara mzima, kutoka ukutani mpaka kwenye kizibo! Chausiku hafagii vizuri. Nimemwambia. Amenijibu nifagie mwenyewe.

Nilikwenda zahanati na chupa kwapani, chini ya koti. Daktari alimpa kila mmoja wetu chupa yake na kumwelekeza chooni, halafu akasimama nje kama askari. Nilimimina upesi. Nilipotoka nikamwambia kwamba nimejikamua kwa ajili ya taifa. Akapokea chupa, akasema ina joto jema. Kwapa langu halijawahi kusifiwa hivyo.

Ushindi!

Jumanne, 27 Juni

Siamini. Siamini!

Daktari aliniita peke yangu, akafunga mlango. Habari njema, akasema: hakuna kidonge. Nikainuka nimkumbatie. Akanikalisha. Habari mbaya: yeye hupima kila mkojo mambo yote, si vidonge tu. Wangu ameuchemsha na dawa ya buluu, nayo ikageuka nyekundu kama tofali. Maana yake sukari. Sukari nyingi mno. Ugonjwa wa sukari! Akaniuliza kama nina kiu sana, kama nakonda. Akanishika tumbo, akashangaa. Akasema nikiendelea hivi bila dawa nitazimia siku moja, na huenda nisiamke. Nisahau mashindano. Nitafutiwe nafasi Bujumbura nikaanze sindano.

Nilitaka kusema anipime tena. Lakini nikimpa mkojo wangu, kidonge! Nikamshukuru nikatoka.

Kuna mkono wa Lukeba hapa.

Daktari alimtumia Chausiku ujumbe. Nilipofika nyumbani alikuwa analia. Ameniondolea chai ya sukari, ndizi, hata ugali. Majirani wamekuja kunipa pole. Hata Lukeba! Alileta samaki, akasema, "Amahoro, fundi. Afya kwanza." Mnafiki.

Shemeji Hamissi ndiye aliyekaa nami muda mrefu. Kwa kuwa ndizi zangu zingeharibika, alizila yeye, akishushia na maji. Jagi la kwanza. Jagi la pili. Akaniuliza kama rangi ya kitambaa ilishika. Nikasema ilishika.

Jumatano, 28 Juni

Asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni nikimchukia Lukeba. Shemeji akapita kwenda chooni. Akarudi. Akanywa. Akaenda tena. Mkanda wake ameutoboa matundu mapya. Suruali inamning'inia kama imetundikwa kwenye msumari.

Nikakumbuka maswali ya daktari. Kiu. Kukonda.

Nilimhesabia safari za chooni mpaka jua likaniunguza.

Ni yake. Sukari ni ya shemeji.

Nilisimama kwenda zahanati. Kweli nilisimama! Nikafika mpaka kwenye mtaa wa soko. Hapo nikapita mbele ya ofisi ya komini, na dirishani wameiweka ile redio ili watu waione. Nikasimama. Nikawaza hivi: nikisema leo, nimekwisha. Nikisema Jumapili, nitakuwa na redio, na shemeji atapata sindano zake vile vile. Ameishi na ugonjwa huu muda gani, Mungu ajua. Siku chache ni nini?

Nimerudi nyumbani. Nimemshauri shemeji apunguze ndizi. Akasema namna gani mgonjwa anamhurumia mzima, akanibariki.

Alhamisi, 29 Juni

Nimejaribu bahati. Nilikwenda kwa daktari, nikamwambia nimeomba sana, anipime tena. Safari hii nilimpa wa kwangu mwenyewe. Kama kidonge kimo, basi.

Hakimo! Kimeshatoka chote! Binamu wa Roger ni mwongo. Kumbe kwa kuwa sijameza tena tangu siku ile ya kwanza, nisingehitaji mkojo wa mtu. Nimefanya hila zote hizi kuficha kitu ambacho hakikuwepo.

Na sukari hakuna. Dawa ilibaki buluu kama ziwa asubuhi. Daktari alichemsha tena, akaishika chupa mbele ya dirisha. Akasema sukari haiondoki kwa siku mbili. Mikojo hii ni kama ya watu wawili. Nikasema Mungu ni mkubwa. Akavua miwani, akaniuliza polepole kama kuna jambo ningependa kumwambia.

Nikasema hapana.

Ameniruhusu kushindana. Lakini alinitazama mpaka nikatoka uani.

Jumamosi, 1 Julai. Siku ya Uhuru

Nimeshinda.

Naandika hivyo kwanza kwa sababu ndivyo nilivyotaka kuandika. Sasa yaliyobaki.

Tuliondoka sokoni kwa ngoma. Mpaka Minago Lukeba alikuwa mbele, mgongo wake hauchoki, mimi nyuma nakula vumbi lake. Tukageuka. Wengine walikuwa mbali nyuma. Tulipokaribia mji, penye michikichi, nikamwona shemeji Hamissi. Alikuwa ametoka kwa miguu juani ili anipe maji. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Aliita jina langu. Halafu magoti yakamwishia, akaanguka, na kikombe kikabingirika mpaka katikati ya barabara.

Lukeba alifunga breki. Alitupa baiskeli yake kwenye majani, akapiga magoti. Nilipowafikia akapaza sauti: "Fundi! Simama! Ni shemeji yako!"

Nilimsikia. Nilimwona shemeji, uso kwenye vumbi. Miguu haikusimama. Niliwaza: Lukeba yuko naye, Lukeba ana nguvu, mtu mmoja anatosha. Hayo yote niliyawaza kwa muda wa kupita tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwaza maneno mengi hivyo huku anakanyaga.

Nikafika peke yangu. Vigelegele. Wakanivika maua, wakanipa redio mikononi. Chausiku alikuwa anapiga makofi na Esha begani.

Ndipo Lukeba akatokea. Alikuwa anatembea kwa miguu akisukuma baiskeli, na Hamissi amefungwa kwenye kerea ya nyuma kwa shati la Lukeba, mahali pa madebe ya mawese, kichwa kimelala kwenye tandiko. Ngoma zikanyamaza moja moja. Chausiku akapiga ukelele. Kisha akanitazama. Alijua kwamba njia ni moja tu.

Wakampeleka zahanati, nami nikawafuata na maua yangu na redio yangu. Daktari akamfungua macho, akauliza ana ugonjwa gani. Lukeba hakujua. Chausiku akasema hajawahi kuugua, ni mtu wa ibada tu. Daktari akasema basi ni jua na udhaifu, tumwingizie maji ya sukari mshipani. Akaichukua chupa kubwa, akaitundika.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua neno. Neno moja, na redio inakwenda. Na niandike ukweli, maana hapa hakuna mwingine wa kuuandika: niliitazama redio. Daktari akaitafuta sindano, akaipata. Bado niliitazama.

Ndipo nikasikia sauti yangu inapiga kelele, "Dokta, acha! Ile sukari ya Jumatatu ni yake!"

Daktari akaishusha chupa. Akachukua mkojo wa shemeji, akachemsha na dawa ya buluu mbele yetu sote. Tofali.

Jumapili, 2 Julai

Jana hiyo hiyo walimpeleka Bujumbura kwa lori la Roger, juu ya magunia, Chausiku akimshikilia kichwa. Daktari alikaa naye nyuma. Roger aliendesha bila kidonge.

Komini wameichukua redio. Wamempa Lukeba. Nilikwenda kumwambia asante kwa ajili ya shemeji, na nilitumaini atanitukana, ingekuwa nafuu. Alikuwa anaziba pancha. Akasema tu, "Mashindano iko kila mwaka, fundi. Shemeji yako iko mumoja." Kisha akaniomba nimshikie gurudumu. Nikamshikia.

Nyumba haina mtu. Nimekula ugali baridi. Sisimizi wako ukutani bado.

Alhamisi, 6 Julai

Nimekwenda Bujumbura kumtazama. Yu hai! Amekaa kitandani, amevaa shati la hospitali, mikono imebaki mifupa. Daktari mkubwa wa pale amesema ingekuwa saa chache zaidi, au yale maji ya sukari, tungemzika.

Chausiku alitoka nje nilipoingia. Tangu siku ile hajaniita Baba Esha. Haniiti chochote.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Nikamweleza shemeji yote, kitambaa cha uongo, kwapa, barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirikia chupa. Nikamwambia hivyo.

"Chupa?" akasema. "Shemeji, bila ile chupa dokta asingejua mpaka leo. Chupa nimekusamehe. Lakini ulikaa nami uani, ukaniona nakunywa yale maji, na ulijua. Ulinipa ushauri wa ndizi."

Ninaandika hapa nikidhani nitalipata jibu. Silipati.

Alipochoka nilimfunika miguu. Nyayo zake zilikuwa baridi sana.

Jumatatu, 24 Julai

Kidogo kidogo Mungu anafungua. Shemeji amerudi Rumonge wiki iliyopita. Kila asubuhi nampeleka zahanati kwa sindano, nyuma ya baiskeli yangu, polepole, nikikwepa mashimo. Hiyo ni amri ya Chausiku, na ni maneno yake ya kwanza kwangu. Naipenda kazi hiyo. Tukienda hatuzungumzi sana. Jana alicheka kwa sababu ya kuku mmoja, nikasikia mgongoni mwangu kicheko chake, nikakaribia kulia.

Nimebadilika. Nimeapa: vidonge basi, hila basi.

Lakini kuna jambo. Zahanati italetewa gari la wagonjwa, na wanatafuta dereva! Kofia, mshahara, king'ora! Fikiria mimi nikimpeleka shemeji kwa king'ora. Ni kwa ajili yake hasa. Tatizo ni macho. Daktari Hyacinthe atawapima wote kwa kibao cha herufi kilichotundikwa ukutani, na mimi mbali sioni, naona ukungu. Lukeba naye amejiandikisha. Yule mtu anaona mpaka Kongo!

Basi nikakumbuka kwamba shemeji hukaa kila asubuhi mbele ya kibao kile kile akingoja sindano, na macho yake ni mazima. Nilimwomba azinakili herufi zile kwenye karatasi. Nilimwambia ni mapambo mapya ya kudarizi kwenye mito. Hii si hila, ni kurahisisha maelezo.

Alinitazama muda mrefu, akacheka kidogo, sijui kwa nini, akachukua kalamu. Leo ameniletea mistari yote, mwandiko safi kabisa. Nimekwisha kuishika moyoni, mstari kwa mstari. Hata usingizini naweza kuisoma. Mtihani ni kesho saa mbili.

Chausiku ameiona karatasi. Amenikumbusha kwamba kaka yake hakusoma shule nyingine yoyote ila chuo cha Kurani, na kwamba kila kitu hukiandika kutoka kulia kwenda kushoto.

Haidhuru. Herufi ni zile zile.